Aliyekosa Matanga

Mudzipela, Bunia, tarehe 5 Februari 2023

Kwa mdogo wangu Constant,

Salamu nyingi kwa jina la Bwana. Hapa sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Na wewe, mwili uko aje? Unakula? Unalala?

Gauthier, yule anayevusha vitenge kwa mtumbwi kutoka Kasenyi hadi Ntoroko, ng'ambo ya ziwa, amerudi na habari kwamba alikuona Kilembe, Uganda, umebeba mzigo kuliko punda. Nilimwambia anadanganya. Akaapa kwa mama yake. Basi nikaketi jikoni nikacheka, halafu nikakukasirikia mpaka maharagwe yakaungua. Mwaka mzima, Constant! Simu imezimwa, na sisi huku tunauliza kila mtu anayetoka ng'ambo.

Binti yako Elodie amekua. Meno ya mbele yameng'oka. Ananiita mama, mimi namsahihisha, halafu nachoka kumsahihisha.

Mama mkwe wako, Mama Alphonsine, tunaishi naye hapa. Tangu tulipokimbia Djugu hajavua nguo nyeusi. Haendi harusini, hasuki nywele, na mjukuu wake naye ananyolewa kila mara. Unajua sababu. Mke wako Priscille alizikwa mbiombio baada ya kuuawa njia ya shamba, wewe ukatuachia mtoto ukaenda, na matanga hayawezi kuondolewa bila mume. Wazee wameweka siku, katikati ya Julai. Njoo unyolewe pamoja nasi, huyu mama apumzike. Ni hilo tu ninalotaka.

Dada yako,
Ketsia


Kilembe, tarehe 19 Machi 2023

Yaya Ketsia,

Salamu, dada yangu. Mimi ni mzima. Pole kwa goti.

Kazi yangu ni mlima. Wageni wanakuja kupanda Rwenzori, sisi tunawabebea mahema na chakula. Njia inaanza na mvua, halafu matope mpaka magotini, halafu mawe, halafu barafu. Sasa Kamate, gide mzee anayewaongoza wageni, aliyezaliwa upande wetu, Mutwanga, ananipeleka mpaka kileleni kumbebea kamba. Wageni wanatoka mbali sana kuja kuona huko juu. Mimi siangalii. Naangalia kisigino cha mtu aliye mbele yangu. Kikienda naenda, kikisimama nasimama. Hakuna kitu kingine kichwani, na hicho ndicho ninachopenda.

Usifikiri nalia huku, yaya. Hata siku ya maziko sikulia, uliona mwenyewe. Sisikii kitu. Chakula ni chakula, mvua ni mvua.

Kilele kiko juu ya mpaka. Ukipiga hatua chache uko Congo. Nimeshaingia Congo mara kadhaa namna hiyo. Nasimama kidogo, Kamate ananiita, narudi.

Kuhusu Julai, sijui.

Mdogo wako,
Constant


Mudzipela, tarehe 30 Aprili 2023

Constant wangu,

Salamu za nyumba yote. Goti limepata nafuu, linauliza habari zako.

Kwa hiyo unaingia Congo na hupiti hata kutusalimu! Nilimsomea Mama Alphonsine barua yako, na kwa mara ya kwanza tangu Djugu nikaona meno yake. Akasema, "Mwambie chai iko, ashukie tu upande huu." Na wewe, watu wote wako na WhatsApp, wewe unatuletea karatasi yenye matope.

Sasa nakuambia bila mchezo. Claire, mdogo wake Priscille, ameposwa na kijana wa kijiji cha Shari. Wakwe wanangoja, maana mama aliye katika matanga hapokei wageni wa posa. Shuleni wanamcheka Elodie kwa kichwa chake, wanamwita mvulana. Huzuni yako ni yako, au kukosa kwako huzuni, lakini nyumba nzima imefungwa na ufunguo unatembea nao mlimani.

Hatukulazimishi kulia. Hakuna atakayekuchungulia machoni. Unakaa kwenye kiti, wembe unapita, unainuka, basi. Ninakuomba, mdogo wangu.

Dada yako,
Ketsia


Kilembe, tarehe 2 Agosti 2023

Yaya,

Natumaini mko wazima.

Sikuja. Nilifika mpaka Ntoroko. Gauthier alinishikia nafasi kwenye mtumbwi. Watu wakapanda. Nilitafuta ndani yangu sababu ya kupanda, nikatafuta na sababu ya kukataa, sikupata hata moja. Mtumbwi ukaondoka, nikautazama. Nikarudi Kilembe, wakanipa wageni wengine.

Mdogo wako,
Constant


Mudzipela, tarehe 24 Septemba 2023

Constant,

Salamu. Tuko wazima.

Matanga yameondolewa. Tulikungoja mpaka chakula kikapoa. Mwishoni baba mdogo Ephraïm akakaa kwenye kiti chako, wakamnyoa yeye kwa niaba yako. Mama Alphonsine amevua nguo nyeusi, akavaa kitenge cha njano ambacho hakimpendezi kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Wakwe wa Claire wamepokelewa. Elodie ameanza kufuga nywele.

Nilikuandikia matusi kurasa mbili, nikazichana. Sasa hivi sina hata hasira, na hilo linaniogopesha. Labda ugonjwa wako unaambukiza.

Usije tena kwa ajili ya matanga. Unajua kwetu, yakishaondolewa hakuna kulia tena katika ua huo, maana ni kuita msiba mwingine.

Baada ya Noeli ninakwenda Aru kumuuguza shangazi. Ukiwa na la kusema, liandike ulitume Aru.

Dada yako,
Ketsia


Kilembe, tarehe 11 Desemba 2023

Yaya Ketsia,

Salamu kwako na kwa shangazi, maana barua hii itakukuta Aru. Niliumia, lakini nimepona. Nalisema mwanzoni ili usiogope.

Tulikuwa tunashuka kwenye barafu. Buti langu lilikuwa limetoboka, nikatembea na maji ndani bila kumwambia mtu. Vidole vya mguu wa kulia vikafa ganzi. Kusema kweli nilifurahi, nikaona sasa natembea vizuri zaidi. Kambini Kamate akauona mguu nilivyokuwa ninauburuta, akanivua soksi. Vidole vilikuwa vyeupe kabisa. Mzee yule akafungua shati lake, akauweka mguu wangu juu ya tumbo lake, akaukumbatia. Kwa muda hakuna kitu. Halafu damu ikarudi. Yaya, sijawahi kusikia uchungu kama ule. Nilipiga kelele mpaka wageni wakatoka kwenye mahema. Nilimsihi aniachie. Akanibana zaidi, huku anacheka: "Lia, lia tu. Sasa kidole iko yako tena."

Tangu siku ile sina amani. Nasikia vitu. Nikiwa njiani, mvua inanyesha, nikasikia harufu ya sabuni ya Priscille, na hakuna sabuni huku. Nikiangalia kisigino cha mtu wa mbele, hakinitoshi tena. Namkumbuka. Namkumbuka sana, yaya, na inauma mahali ambapo sikujua kama papo.

Nataka kukuuliza. Matanga yakiisha, na kuna mtu ambaye alikuwa hajafika, huyo anakwenda kulia wapi?

Mdogo wako,
Constant


Mudzipela, tarehe 14 Januari 2024

Yaya Ketsia,

Salamu kutoka nyumbani kwako. Mimi ni mzima, Elodie ni mzima. Shangazi anaendeleaje huko Aru? Jibu lako sikulingoja, labda liko njiani linanitafuta Kilembe.

Nimefika leo asubuhi. Nilikuwa nimejipanga vizuri: nitasalimu, nitaomba radhi, nitamshika mtoto. Nilipofika langoni nikamwona Elodie anapepeta mchele, na mabega yake ni ya Priscille, hata ule mdomo anavyoukunja akifanya kazi. Nikakaa palepale kwenye udongo, nikalia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Majirani wakakimbia wakaja. Mama Blanchard, wa nyumba ya pili, akanishika mkono anivute nje: "Papa, nyamaza! Hapa matanga ilishaisha! Unataka kuitia mama huyu musiba ingine?"

Mama Alphonsine akatoka jikoni. Unajua tangu nimuoe binti yake hatujawahi kukaa mkeka mmoja wala kula mmoja mbele ya mwenzake, heshima ya ukwe haikuruhusu. Akawatazama, akasema, "Mumuache. Ya siye ilishaisha. Ya yeye haiyaanza bado." Halafu akaketi chini kando yangu, bega kwa bega, na kile kitenge cha njano, akaanza kumlilia Priscille upya kama vile habari imefika leo.

Elodie hanisogelei. Alimwuliza bibi yake mimi ni nani, bibi akamwambia, "Enda umuulize." Hajaja bado. Amesimama mlangoni ananitazama ninavyoandika.

Majirani walikuwa wameondoka wote, nikafikiri tumewakosea. Sasa hivi Mama Blanchard amerudi, ana kuni kichwani. Nyuma yake wanakuja wengine na kuni zao, na mikeka.

Mdogo wako,
Constant