Kaka Yako na Puti Zake

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji na wote mlio nao hapo. Vipi mgongo, umepoa, au bado unainuka kitini kwa awamu? Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma, na dawa yake haipo hospitali, maana anayeniumiza ni kaka yako. Najua marehemu hasemwi vibaya. Basi nisikilize kwa sikio moja.

Juzi uliponipigia kuuliza pikapu ya baba itafika lini, nilikujibu kwamba fundi ananichelewesha. Nimeona bora nikuandikie, kwa kuwa mambo haya hayaelezeki kwa simu. Baba yenu alisema gari liwe lako baada ya kaka yako, nami nikajitolea kuliondoa kutu tu kabla halijaja. Hilo neno "tu" nalicheka sasa.

Fundi wa bodi alikuja hapa nyumbani na grainda yake ya kukatia chuma, na kabla hajawasha kitu akatoa sumaku mfukoni. Akaiweka kwenye boneti, ikashika. Akaiweka mlangoni, ikateleza ikaanguka miguuni pake. Kwenye madigadi juu ya magurudumu, vilevile. Akaniuliza, kwa heshima zote, mama, gari hili ni la chuma au la kufinyanga? Niliona haya, wifi. Si unakumbuka kaka yako alivyokuwa akiligonga mbele ya wageni, akisema magari ya siku hizi ni makopo, chuma ndicho hiki? Sasa ndiyo naelewa kwa nini aligonga boneti peke yake.

Mlango wa dereva ulipokatwa, puti, ule udongo wa kuzibia bodi, ikamomonyoka vipande vinene kama kiganja. Nyuma ya puti, waya wa banda la kuku. Nyuma ya waya, sinia langu! Lile la maua mekundu, nililolitafuta mpaka nikakata tamaa. Kaka yako alilikata kwa mkasi wa bati akalipiga ribiti. Na alinisaidia kulitafuta, wifi! Alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda, akasema labda kuna mtu ameliazima. Nusu ya pili tuliikuta kwenye mlango wa upande mwingine. Mume wangu alipenda haki sawa. Fundi alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Mimi nilimgombeza marehemu kwa sauti, jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama nina mgeni.

Kwenye digadi la nyuma kulikuwa na gunia lililochovywa kwenye saruji. Nyuma ya taa, mguu mmoja wa suruali yake ya kazi, ile aliyoniapia kwamba imeibwa kambani. Nilimlaani mwizi wa watu wiki nzima, naye akiitikia kwamba dunia imeharibika! Fundi anasema kutu ni kama jino bovu, ukiliziba juu linaendelea kuoza chini, kwa hiyo alikata kila kiraka mpaka akafika kwenye chuma safi, akachomelea bati jipya, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kazi yake ni nzuri. Ukipitisha mkono huoni maungio.

Sasa nikuambie ukweli, wifi, na usinikasirikie. Fundi hakunichelewesha. Angekuwa amemaliza zamani. Kila anapotaka kufunga kazi namwonyesha mahali pengine, namwambia hapa pananitia shaka, hebu kata. Juzi amekata chuma kizima kabisa, kisicho na kosa. Alinitazama, akakichomelea tena.

Tangu tumzike, watu wanakuja kunihadithia habari zake, na zote nazijua. Hakuna aliyeniletea mpya. Lakini kila bamba likifunguliwa, namkuta amefanya jambo nisilolijua, nakasirika kama zamani, nabishana naye, na hasira ikiisha naona nimeshinda naye asubuhi nzima. Fundi akifunga la mwisho, huyu mtu hatanikera tena.

Imebaki sehemu moja, ukingo wa chini, upande wa abiria. Pale sumaku haishiki kabisa, na ukipagonga panatoa sauti nzito, kama kuna kitu kimeshindiliwa ndani. Nimemkataza fundi asipaguse. Nakuomba usimtume dereva kuja kulichukua gari. Njoo mwenyewe. Alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu, na wewe pia hakuna anayekuletea habari mpya zake. Tupafungue pamoja, tumgombeze kwa zamu, halafu uende na gari lako.

Msalimie sana shemeji, na mgongo uukande kwa maji ya moto kabla ya safari.

Mimi wifi yako,
bado mke wa kaka yako.