Kupigwa kwa Daktari Nafisa Katika Wodi ya Kuhara

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mymensingh, Bangladesh, 20/04/2024, saa 4:10 asubuhi

Jina: Moyna Khatun. Umri: miaka 47. Kazi: mhudumu wa usafi, wodi ya kuhara, katika hospitali ya binafsi nyuma ya soko la samaki. Makazi: chumba cha kupanga jirani na hospitali hiyo.

Nimeonywa niseme niliyoyaona kwa macho yangu tu. Sawa. Nilikuwepo.

Mnamo tarehe 12/04/2024, siku ya pili ya Idi, saa 9 alasiri, nilikuwa napiga deki. Kwenye kitanda namba 9 alilala Bi. Sakhina, mjane, akiharisha damu. Majibu ya kipimo yalirudi asubuhi: bakteria wake ni sugu, dawa tatu hazijawafanya kitu. Wagonjwa wanne wa jirani walishaambukizwa. Wanne! Dawa ya mwisho ndiyo ilikuwa inapita kwenye dripu yake.

Wakaja ndugu kumi na mmoja na sufuria ya pilau. Kila mmoja aliinama, akagusa miguu ya mama, akapeleka vidole kwenye paji la uso, kama tunavyowaamkia wakubwa siku ya Idi. Kisha wakakaa kitandani wakala kwa mikono ileile. Shuka nilikuwa bado sijabadilisha. Nikawaambia, "Jamani, naweni kwanza!" Mkwe wake akacheka: "Makubwa! Mpiga deki leo kawa daktari."

Akaingia Dk. Nafisa Rumana, binti mdogo tu wa miaka 28. Akasema, "Samahani, kaka. Miguu ya mama msiiguse. Ugonjwa huu unatembea na mikono."

Liton, mtoto wa kwanza wa Bi. Sakhina, dereva wa lori, akasimama. "Unamwita mama yangu najisi? Siku ya Idi?"

"Sijasema hivyo, kaka."

"Dawa zenu zimeshindwa, halafu unatutukana!"

Alimpiga kofi, miwani ikaruka. Wadogo zake wawili wakamshika daktari mikono. Liton akavuta stendi ya dripu, ya chuma, akampiga nayo begani, kisha mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. Pigo la tatu lilikuwa la kichwa. Damu iliruka mpaka kwenye ndoo yangu. Kisha wakatoka kuvunja vioo vya mapokezi.

Stendi ile ilikuwa ya mama yake. Alipoivuta, sindano ilichomoka. Bi. Sakhina aliita, "Liton, Liton," akajivuta amfuate, akaanguka, kichwa kikagonga sakafu. Hakuna aliyegeuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibanza nyuma ya mlango. Saa 9:40 alikata roho. Waliporudi wakamkuta chini, wakasema daktari kamsukuma.

Dk. Nafisa mpaka leo hajafumbua macho, na ndugu wanataka ashtakiwe kwa kuua. Uongo mtupu!

Tarehe 15 Liton naye aliletwa wodini, chini ya ulinzi wenu, anaharisha damu. Dawa hazimsaidii. Mimi ndiye ninayemsafisha. Nilitaka nimchukie, nimeshindwa. Kila asubuhi ananishika mkono: "Mama, wewe ulikuwepo. Yule daktari ndiye aliyemsukuma mama yangu, si ndiyo?"

Siku tano sijamjibu. Nimekuja mniandikie, mkamsomee nyinyi.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, nimeyakubali.

Alama ya dole gumba la kushoto: Moyna Khatun

Yameandikwa nami, Mkaguzi Msaidizi Shafayet Mridha. Shahidi hajui kusoma. Alisomewa mara mbili kwa sauti, hakubadilisha neno.