Diodi ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimedhalilishwa. Mimi! Niliyefufua redio iliyolala kisimani wiki nzima, ikatoka inasoma habari za saa kumi! Mpwa wangu kaja dukani, kafungua redio ya mshonaji niliyoitengeneza mwenyewe, kacheka mbele ya wateja. Eti umeme wa ukutani unaenda na kurudi, na diodi ni mlango wa upande mmoja. Ukiweka moja, wa kwenda unapita, wa kurudi unapotea bure. "Mjomba, umempa mama wa watu nusu. Ndiyo maana inanguruma." Nikamjibu inanguruma kwa sababu ina nguvu. Wakazidi kucheka. Sasa mtaa mzima — Fundi Nusu! Atanikoma.

Jumatano, 6 Machi
Dada anasema nimwache mwanawe, ana usaili Ijumaa saa nne. Ukufunzi, chuo cha ufundi. Kauhangaikia miaka miwili. Kaunda rektifaya yake, kifaa cha kunyoosha umeme, kwenye ubao, kanionyesha bila kuombwa. Diodi nne. Umeme ukienda zinafunguka mbili, ukirudi zinafunguka mbili nyingine — redio inapata wa upande mmoja tu, hakuna kinachopotea. Kisha kapasita inatuliza mawimbi. Redio haingurumi, sauti kama maji ya mtungi. Nikamwambia hayo niliyajua kabla hajazaliwa. Sikuyajua.

Alhamisi, 7 Machi
Mpwa kaenda kuoga, ubao kauacha mezani. Dakika mbili zilinitosha! Nimeung'oa mguu mmoja wa diodi ya tatu, nikaufunika kwa tone la solda baridi, risasi isiyoshika. Kwa macho huoni kitu. Kesho na yake ingurume mbele ya wakubwa — Mwalimu Nusu! Leo nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Saa mbili na nusu kaingia dukani na ubao, jasho linamtiririka. Kaijaribu kabla ya kutoka, inanguruma. Chuma cha solda kimemponyoka mara mbili. "Nisamehe ya juzi, mjomba. Sina mwingine." Chuma kinapata moto, nimemwambia haya ninayoandika ni vipimo. Mshonaji yuko mlangoni, anauliza Fundi Nusu ataweza kweli? Sekunde kumi tu ningewafunga midomo wote! Lakini nani anajua ugonjwa kabla ya kupima? Nikienda moja kwa moja kwenye ya tatu, atajua.
"Tuanze na ipi, mjomba?"
Nikasema ya kwanza.
"Hiyo nimeshapima. Na ya pili."
Hatazami ubao tena. Ananitazama mimi.