Jina la Tatu la Mjomba Lameck

Mjomba Lameck,

Bwana Pua amekuwa nabii. Naanza na hilo ili ucheke, maana mimi nimeshindwa.

Ametundika picha yake mlangoni mwa mgahawa, kachomeka pua ndani ya glasi kama mtu aliyedondosha ufunguo kisimani. Chini yake pameandikwa kwamba yeye ndiye aliyeona mapema ni waini za wapi Uhispania zitakazovuma duniani. Aliona! Meneja ambaye nilipoanza kazi hapa Maskati alikuwa anajua waini ya Rioja tu, na hiyo aliijua kwa sababu imeandikwa kwenye chupa.

Unakumbuka ile Ramadhani yangu ya kwanza? Baa imefungwa mwezi mzima, mimi na wewe tuko stoo tunapanga chupa. Wewe ulikuwa mhudumu wa waini wa siku nyingi, mimi nimetoka Moshi juzi, siwezi kutofautisha waini na siki. Ukanyanyua chupa kutoka Priorat, huko Uhispania, jina ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuliagiza, ukasema, "Hii itavuma, Neema." Nikakuuliza umejuaje. Ukaniambia ulichojifunza shambani kwa baba yako Dodoma: mzabibu mzee, uliokaa juu ya mawe, usiomwagiliwa, unazaa kidogo lakini kitamu.

Kwa hiyo kila muuzaji aliyekuja na chupa za kuonjesha ulimwuliza maswali yako matatu. Mizabibu ina umri gani? Inamwagiliwa? Na vijana wa huko wamekwenda wapi? Hilo la mwisho liliwachekesha sana wale wenye suti. Hawakuwaza kwamba vijana wakihamia mjini hakuna anayebaki kung'oa mizabibu ya babu na kupanda mipya.

Bwana Pua ndiye aliyecheka kuliko wote. Ulipotaja Priorat kwenye kikao cha wahudumu, alikuuliza kama kwenu Dodoma waini mnainywa kwa kata. Ulipotaja Bierzo, jina lako la pili, alikwambia urudi kufuta glasi. Nawe ukarudi! Nimekukasirikia kwa hilo miaka yote hii, Mjomba, leo nakuambia. Hata Priorat ilipoanza kuagizwa na watalii wa kwenye meli, waliokuwa hawajui hata kuitamka, na Bwana Pua akipita meza hadi meza akisema "niliwaambia", wewe ulimimina tu na kukunja kitambaa chako.

Bierzo hukuiona ikivuma. Figo zilikuwahi. Walipousafirisha mwili wako kurudi Dodoma sikupewa ruhusa ya kukusindikiza hata uwanja wa ndege, kwa sababu siku hiyo tulikuwa na harusi. Nilibeba trei. Nilitabasamu. Bado sijajisamehe lile tabasamu.

Basi Ramadhani hii Bwana Pua kaniita stoo, sauti laini kama siagi. Eti, yule mzee wa Dodoma si alikuwa na jina la tatu? Baada ya Idi kutakuwa na hafla yake ya kuonja, na wageni wanasubiri atabiri tena. Nikimtajia, atanifanya mkuu wa wahudumu.

Nakitaka cheo hicho. Miguu inavimba. Mkuu wa wahudumu anakwenda nyumbani kila mwaka, sisi wengine tunasubiri miaka miwili, na mama yangu anazeeka. Nikamwambia, nitakutajia, ila kwenye karatasi ya hafla liandikwe jina la Lameck. Akacheka kile kicheko chake, akasema wageni hawalipi kusikia habari za mhudumu. Nikarudi kupanga chupa.

Siku ya hafla akatabiri mwenyewe. Akachagua mahali kwenye kitabu cha picha: uwanda mtupu, mizabibu ya juzi, mpira wa maji umepita kila mstari. Hakuuliza hata swali moja. Wakampigia makofi! Nilisimama na trei yangu nikawatazama wanavyozungusha glasi na kufumba macho, nikawaona kama watoto wanaocheza kanisa. Cheo amempa mwingine, anayemchekea.

Gredos. Jina lako la tatu nimeliandika hapa tu. Ile milima aliyokusimulia mpishi wetu Mhispania, yenye majabali kama ya kwenu, alipokuletea chupa ya baba yake isiyo na nembo. Ulikunywa, halafu ukalia kidogo, ukasingizia vitunguu.

Kwaheri, Mjomba wangu. Maswali yako matatu nitawauliza mimi, wacheke wanavyotaka. Siku Gredos ikivuma nitasema kwa sauti, mbele ya meza zote, kwamba Lameck wa Dodoma alilijua hili, hata wakinifukuza. Na isipovuma, nitasema vilevile kwamba Lameck wa Dodoma alikosea. Kosa hilo litakuwa lako peke yako. Bwana Pua hatalitaka.

Neema wako