Penalti ya Mpwa Wako

Kaka yangu Melkiori,

Shikamoo huko uliko. Hapa Ntobeye tumevuna maharage, mvua haikutuonea. Mwanangu Fideli yuko Ulaya anacheza mpira, siku hizi picha yake inabandikwa hata kwenye mabasi. Kila anayepita namwambia: huyo nimemzaa mimi, hapa hapa nyumbani, na alitanguliza miguu.

Leo nimeikumbuka mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa. Watu wanaisimulia wanavyotaka, lakini wewe na mimi tuliiangalia pamoja.

Ilikuwa Tanzania na Burundi. Mimi nimeolewa huku Tanzania, wewe ulibaki kwetu Burundi, ukavuka mto Ruvuvu asubuhi uje tutazame wote. Nilivaa kitenge cha Pasaka nikakaa benchi la mbele la banda la video kama mgeni rasmi, wewe kando yangu na kibuyu chako cha pombe ya ndizi. Vijana wakakuchokoza: "Mzee, leo utarudi kwenu unaogelea!"

"Nitaogelea, ila nyie mtatangulia kulia."

Lakini shida yako niliiona. Burundi wakishika mpira, unapiga kelele. Fideli akiugusa, unaziba mdomo kwa kiganja. Kwetu mjomba akimtakia mpwa wake mabaya, yanampata, nawe hukutaka neno likuponyoke.

Mwishoni, bila kwa bila, tukapewa penalti. Fideli akauchukua mpira. Mchezaji mgeni akikosa siku ya kwanza, nani atamwita tena?

"Kaka, mbariki mtoto."

"Wewe! Unataka niwafunge watu wangu?"

"Nataka neno la mjomba. Na ukinyamaza, hilo nalo ni neno."

Ukanikata jicho. Kisha ukajaza pombe mdomoni, ukaipuliza kuelekea kwenye runinga kama baba alivyokuwa akitubariki, ukasema kwa lugha ya mama, "Mguu wako usikwame." Mwenye banda akaruka: "Mzee, utaniunguzia runinga!"

Mpira ukaingia. Watu wakanibeba juu juu, na uzito wangu huu. Wewe ulimaliza kibuyu chako, ukaondoka bila kuniaga. Nikasema basi, nimepata bao, nimepoteza kaka.

Ni msibani kwako ndipo wifi aliponieleza. Kwamba ulifika nyumbani ukakuta majirani wamenuna, ukawaambia, "Mnanuna nini? Tumefungwa na mtoto wetu." Ukawatolea pombe, wakanywa mpaka wakaanza kumsifu.

Sasa wewe haupo, penalti zake nyingine zinaingia, nyingine zinapaa. Yeye anasema ni mazoezi. Simbishii, ndiye anayejua mpira.

Pumzika, kaka. Baba na mama wakikuuliza siku ile ulimshangilia nani, wajibu mwenyewe. Mimi yangu nimeshasema.

Dada yako mdogo,
mama Fideli