Kopo Tupu Chini ya Gari ya Daktari

Jumatatu, 3 Agosti
Sega yote imetoka. Nyundo na tindo tangu asubuhi. Hiyo kopo ya katalitiki ndani iko na jiwe ya matundu matundu, kama sega ya nyuki. Moshi ya injini hupita hapo ikisafishwa. Ukivunja inatoa vumbi ya kukwaruza koo. Shemeji Kyalo, bwana ya dada yangu, alifagia hata ile unga yake, akaweka kwa gunia. Ndani iko madini ya bei, na iko mtu wa Nairobi hununua.

Gari ni ya Daktari. Ni mama mmoja, si daktari wa hospitali, ni wa mbegu, pale kwa utafiti. Gari ya bluu, ya turbo, iko chini chini, inanguruma mpaka mbuzi za hapa Kiboko zinaruka mtaro. Ilikuja taa ya injini ikiwaka. Sega imeyeyuka. Shemeji alimwambia iko kopo ya kampuni na iko ile ya soko, na hata ya soko itafanya kazi bora iwe mpya. Akachagua ya soko. Akalipa.

Mpya haikuja. Shemeji amesema nirudishe hii hii, tupu.

Jumanne, 4 Agosti
Tupu ukigonga inalia kama debe. Shemeji akaleta waya ya kusugua sufuria, ile dada hutumia, pakiti sita. Nikasokota, nikajaza, nikachomelea, nikapaka rangi ya fedha. Sasa ukigonga inasema tup. Kama imeshiba. Sensa ya nyuma, ile hunusa moshi na kuwasha taa, tukaivalisha kipande ya bomba, ndefu kama kidole, ikae mbali na moshi isijue kitu. Taa ikazima.

Kuchomelea kwangu kulitoka safi sana. Hiyo ndio inaniuma.

Daktari akakuja kuchukua. Shemeji ni shemasi, na gari haitoki hapa bila kuombewa. Tunaweka mikono kwa boneti, mwenye gari, shemeji na mimi. Kuna wateja hutoka mpaka mji wa Wote juu ya hayo maombi. Shemeji akaomba kifaa kipya kidumu. Kipya, alisema hivyo macho yakiwa yamefungwa. Nikasema amina.

Daktari akaniangalia. "Huyu fundi wako huongea, ama anaongeanga na mabomba peke yake?"
Wakacheka. Mimi nikaangalia viatu.

Alhamisi, 6 Agosti
Sailensa tatu za trela. Jua. Chakula ni muthokoi.

Jumapili, 9 Agosti
Kanisani shemeji alitoa ushuhuda, vile Mungu amebariki kazi. Akasema nisimame watu wanione, kijana alitolewa Kabati akiwa ameachia darasa la sita na leo ni fundi. Nikasimama. Bwana asifiwe. Nikakaa. Wakapiga makofi kama nimehubiri.

Dada Mwende alikuwa anafurahi, mkono kwa tumbo. Miezi saba. Nyumba ni ya shemeji, chakula ni ya shemeji, hata hii kazi ya mikono ni yeye alinipea. Kitanda yangu iko stoo, pamoja na magunia ya sega. Mlango ya stoo inafungukia karakana. Nikiamka niko kazini.

Jumanne, 11 Agosti
Daktari amerudi. Gari imekuwa nzito, haivuti. Na mtoto yake mdogo alitapika wakitoka Emali. Njeri, ule msichana mkubwa, kichwa inamuuma kila akipanda hiyo gari. Akishuka inapoa. Shemeji akasema ni joto. Akasema pia kifaa kipya huzoea polepole. Daktari akaitikia. Mtu amesoma mpaka akaitwa Daktari, na anaitikia hiyo.

Nikaingia chini. Shemeji alikuwa kwa simu. Nikaloweka kitambaa nikaziba bomba ya nyuma, injini ikiwaka, nikasikiliza. Ssss. Sikutafuta sana. Waya imeungua, imekatika, imepeperushwa mpaka sailensa na kuiziba. Moshi haina pa kupita. Inarudi, inatokea kwa joini, pale bomba zimeungana, kwa gasketi. Na hapo juu ya joini sakafu ya gari iko na tundu, ile mpira yake ilianguka zamani. Ni chini ya kiti ya nyuma. Kiti ya watoto.

Ile moshi mbaya haina harufu. Kwetu Kabati kuna jirani alilala kwa pikapu, injini ikiwaka, vioo juu. Hakuamka.

Nikamwambia shemeji. Ni mara ya kwanza kumwambia kitu bila kuulizwa. Akainama, akaongea pole pole, hata alikuwa anatabasamu juu Daktari anaona.
"Ukinimwagia unga, umemwagia dada yako na hiyo mtoto ya tumbo. Kaza bolti."
Nikakaza. Sauti ilipungua. Haikuisha.

Daktari akasema shule zimefungwa, Jumamosi wanaenda Mombasa. Watoto hulala njia yote, akasema. Kwa raha.

Jumatano, 12 Agosti
Namba ya simu ya Daktari iko kwa kitabu, kitabu iko kwa droo, ufunguo iko kwa shingo ya shemeji.

Nilimwambia dada, akichambua maharagwe. Nilimwambia yote, hata waya zake za sufuria. Mikono ikasimama.
"Musyoka. Nitaenda wapi na hii tumbo?"
Mwaitu, mama yangu, aliniambia nikitoka nyumbani, usiwahi kumletea dada yako aibu kwa boma ya watu. Dada akaendelea kuchambua. Mimi nikarudi kwa grinda.

Alhamisi, 13 Agosti
Shemeji alinituma oksijeni ya kuchomelea. Nikapitia kwa geti ya utafiti. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, machache: Mama, usiendeshe hiyo gari. Askari akauliza, "Unataka nani?"
Nikasema nimepotea.
"Umepotea Kiboko?" Akacheka mpaka akamwita mwenzake. "Kuja uone mtu amepotea Kiboko!"
Nikaenda. Najichukia. Najichukia kabisa.

Ijumaa, 14 Agosti
Nilifikiri Daktari ameleta gari iangaliwe. Hapana. Ameileta iombewe safari.

Watoto walishuka. Njeri akaweka mkono kwa boneti kando ya yangu. Kwa vidole iko wino. Yule mdogo hafikii, Daktari akamwinua. Shemeji akaanza, akaita malaika wa barabara, akafunika tairi, akafunika breki. Kila mtu macho yamefungwa. Mimi nikafungua yangu. Hakuna mtu alikuwa ananiangalia. Sitawahi kupata nafasi kama hiyo. Ningesema tu, hata kama bado hawajafungua macho.

Nikasema amina. Ikatoka kubwa, ya woga, ikapita ya shemeji.

"Eh! Kumbe sauti iko!" Daktari akanipiga bega. Njeri pia akacheka. Daktari akasema wanatoka kwa nyumba kesho saa kumi na mbili kamili, kabla ya malori. Wakaenda. Gari ilikuwa inanguruma chini, kama mtu amezibwa mdomo.

Jumamosi, 15 Agosti
Bado ni giza. Dada ameamka kabla yangu, jiko imewaka. Aliniona nikiweka spana kwa mfuko, na tindo, na msumeno ya chuma. Hakuuliza. Alinifungia viazi vitamu kwa gazeti akaweka juu ya spana. Halafu akarudi kwa moto, akanipa mgongo. Sijui kama ni kunipa ruhusa ama ni kunikasirikia. Pengine ni yote mbili.

Shemeji anaoga. Nasikia maji. Akimaliza atakuja kufungua karakana, na akinikuta hapa sitatoka tena.

Sijui nitaanza aje kuongea. Mdomo ikikataa nitaingia chini ya gari nilale hapo, wataniuliza wenyewe. Nitakata ile kopo nimwonyeshe Daktari ndani. Kuchomelea ni kwangu, najua pa kukata.

Mpaka nyumba za utafiti, pale Daktari anakaa, ni nusu saa kwa miguu na saa hii ni kumi na moja na nusu. Lazima niende sasa. Wakinipita kwa lami, hao watoto watakuwa wamelala kabla ya kufika Mtito.