Korongo Wanangoja Nizime Tingatinga

Mshauri mpendwa, kwanza ujue si kawaida yangu kuomba msaada, mimi ndiye huombwa, maana shule niliiacha njiani lakini tingatinga naliendesha hadi wenye vyeti wanakuja kunitazama, mtaani wananiita Rubani, uliza yeyote, ila hili limenishinda na usingizi sipati.

Kazi yangu sasa ni kujaza udongo kwenye kinamasi ambacho zamani kilikuwa hakiguswi kwa sababu ya korongo waliobaki wachache, halafu sheria ikalegezwa, korongo mwenyewe bado ni marufuku kumgusa ila kinamasi chake ruhusa, eti kiota ni kiota pale tu mkaguzi atakapomkuta ndege amekilalia, sasa wewe uliyesoma niambie, nani atatulia nyumbani kwake huku tingatinga linanguruma mlangoni? Msimamizi wetu analijua hilo vizuri, ndiyo maana ameniamuru Jumatatu mkaguzi akifika nisizime injini hata kidogo, aone kiota kitupu, atie saini, tuendelee.

Mimi kutoka kitini kwangu huko juu nakiona kile kiota katikati ya matete, kina mayai, na kila nikizima mashine nile chakula cha mchana wenyewe wanarudi, mama analalia, baba anasimama pembeni ananitazama kama mkwe aliyeshajua sina nia nzuri.

Na mjomba aliyenilea alikuwa askari wa wanyamapori hapohapo, sheria ilipobadilika akapunguzwa kazini, nami nimemwambia natengeneza barabara. Jana tunakula akaniuliza taratibu, "Mpwa wangu, huko mnakopita hujawasikia korongo wangu?" Nikasema mashine zina kelele. Akacheka, akanisogezea nyama yake, eti kazi yangu ni ngumu. Mimi huyu mwenye mdomo usiofungwa nikaujaza nyama hiyo. Nikizima nafukuzwa, nisipozima nitamtazamaje? Nisaidie.

Rubani

*

Rubani mwanangu,

Mdomo unao, na moyo pia unao, nimeuona, kwa hiyo usijifiche nyuma ya injini. Sheria hiyo ni ya ovyo. Kumlinda ndege ukamfukia makazi yake ni kumlinda kwa maneno matupu. Hukuilegeza wewe, wala jibu langu halitaikaza. Lakini kumficha mkaguzi ukweli kwa kelele ni uongo, na uongo huo utakuwa wako. Mjomba naye unamdanganya huku unakula nyama yake! Huoni haya?

Leo hii mwambie, kabla hujavua viatu. Atakugeuzia mgongo. Mwache, usimjaze hadithi. Kisha muulize korongo waliotishwa huchukua muda gani kurudi, maana mkaguzi atataka kujua.

Jumatatu zima injini, toa ufunguo, teremka, na mbele ya msimamizi umwambie mkaguzi, "Naomba tusubiri." Inatosha. Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi, basi anza leo kuulizia kwingine. Fundi kama wewe hakai bure muda mrefu.

Na mjomba asibaki nyumbani. Walimnyima kazi, hawakumnyima njia inayopita kando ya kinamasi. Simama naye hapo, mshike mkono, na mpaka yule mama atakapotua kwenye mayai yake, mwanangu, nakuomba ufunge huo mdomo.